Hamira inavyojilinda dhidi ya oksijeni: vimeng'enya gani, viko wapi, na huishiwa na nini

Ukidondoshea hidrojeni peroksidi ya duka la dawa, ile ya asilimia 3, kwenye kijiko cha hamira iliyoloweshwa, povu hupanda ndani ya sekunde chache. Hewa iliyo ndani ya povu hilo si ile inayoumua unga. Ni oksijeni, na imetolewa na kimeng'enya kiitwacho katalasi, kinachoivunja peroksidi kuwa maji na oksijeni. Jaribio hili ni zuri kwa wanafunzi, ila huwaachia wengi picha isiyo sahihi: kwamba katalasi ndiyo ngao kuu ya hamira. Ukweli ni kwamba seli iliyo katikati ya kukua kwenye sukari nyingi ina katalasi kidogo sana, na ukiziondoa jeni zake zote mbili za katalasi, bado itaendelea kukua karibu kama kawaida. Kazi ya kila saa hufanywa na vimeng'enya vingine visivyotoa povu. Navyo vinategemea malighafi moja ambayo ikikauka, wingi wa vimeng'enya hausaidii chochote.

Hamira tunayoizungumzia ni Saccharomyces cerevisiae, ile ile ya mkate, maandazi, bia na mvinyo. Jenomu yake ilikamilika kusomwa mwaka 1996, ya kwanza kwa kiumbe ambaye seli zake zina kiini. Ina jeni zipatazo 6,000, na nyingi kati yake zinaweza kufutwa moja moja ili kuona seli inapungukiwa na nini. Ndiyo maana mengi tunayoyajua kuhusu ulinzi dhidi ya oksijeni, hata katika mwili wa binadamu, yalifafanuliwa vizuri kwanza kwenye hamira.

Madhara huanzia wapi

Oksijeni yenyewe ni molekuli ya upole. Hatari huanza inapopokea elektroni moja moja badala ya nne kwa pamoja. Elektroni moja huifanya supaoksidi. Mbili huifanya hidrojeni peroksidi. Tatu huzaa radikali ya haidroksili, ambayo hushambulia chochote kilicho jirani, iwe DNA, mafuta ya utando au protini, ndani ya muda unaokaribia sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Hakuna kimeng'enya chenye kasi ya kuikamata radikali hiyo kabla haijagonga. Kwa hiyo ulinzi wote wa seli umejengwa hatua moja au mbili nyuma yake, kuhakikisha haizaliwi.

Chanzo kikubwa cha supaoksidi ni mitokondria, mahali elektroni zinapopitishwa kutoka protini moja hadi nyingine kuelekea oksijeni. Chache huvuja njiani. Supaoksidi haina ukali kama ule wa haidroksili, lakini ina shabaha moja inayoiumiza hamira vibaya: vishada vya chuma na salfa vilivyo ndani ya baadhi ya vimeng'enya. Ikigusa kishada chenye atomi nne za chuma, hukivunja na kuachia atomi moja ya chuma. Hasara inakuwa mbili kwa mpigo. Kwanza, kimeng'enya chenyewe kimekufa. Pili, chuma kilichoachiwa hukutana na peroksidi na kuzalisha haidroksili. Hiyo ndiyo njia ambayo supaoksidi, isiyogusa DNA moja kwa moja, huishia kuiharibu.

Dalili zake zinaonekana wazi kwenye hamira iliyofutwa jeni ya SOD1, inayotengeneza kimojawapo cha vimeng'enya vya kuondoa supaoksidi. Ikilelewa bila hewa, haina shida. Ikilelewa hewani, inashindwa kujitengenezea asidi amino mbili, lisini na methionini, na haikui mpaka uipe zote mbili. Lisini inakwama kwa sababu moja ya hatua za kuitengeneza hutumia kimeng'enya chenye kishada cha chuma na salfa. Methionini ina sababu tofauti, nayo tutaifikia.

Sod1 na Sod2: kimeng'enya sahihi mahali sahihi

Kimeng'enya kinachoondoa supaoksidi huitwa supaoksidi dismutasi, kwa kifupi Sod. Kazi yake ilielezwa mwaka 1969 na Joe McCord na Irwin Fridovich wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, waliokitoa kwenye damu ya ng'ombe. Huchukua supaoksidi mbili na hidrojeni mbili, kikatoa oksijeni moja na peroksidi moja:

2O₂⁻ + 2H⁺ → O₂ + H₂O₂

Tazama upande wa kulia. Sod haimalizi tatizo, inalibadilisha sura. Kila inapofanya kazi inazalisha peroksidi, kwa hiyo kuiongeza Sod peke yake, bila kuongeza kinachofuata, si lazima kuifanye seli iwe imara zaidi. Ni jambo linalopuuzwa mara nyingi na wanaouza virutubisho vya "kuzuia oksidishaji".

Hamira ina Sod mbili, na hakuna inayoweza kushika nafasi ya mwenzake kikamilifu. Sod1, yenye shaba na zinki, imejaa kwenye sitoplazimu, na sehemu ndogo, kama asilimia 1 hadi 5, hukaa kwenye nafasi kati ya tando mbili za mitokondria. Sod2, yenye manganizi, hukaa ndani kabisa ya mitokondria. Supaoksidi ina chaji hasi na haipenyi utando kwa urahisi, kwa hiyo kila chumba lazima kiwe na mlinzi wake. Seli isiyo na Sod2 hukua vizuri kwenye glukosi, ambako inachachua zaidi kuliko kupumua. Hudhoofika pale inapolazimika kuishi kwa ethanoli au gliseroli, vyakula visivyoliwa bila mitokondria, au inapowekwa kwenye oksijeni tupu.

Madini ndipo mambo yanapoharibika mara nyingi. Shaba huru ni sumu, na hesabu iliyochapishwa mwaka 1999 ilionyesha kuwa ndani ya seli ya hamira hakuna hata ayoni moja ya shaba inayozagaa bila kushikwa na protini. Sod1 haiwezi basi kungoja shaba ipite. Inaletewa na protini msindikizaji, Ccs1, ambayo inaipa shaba na pia kuifunga kifundo cha salfa, yaani kiungo kati ya salfa mbili, kinachoifanya iwe imara. Futa Ccs1, na Sod1 itakuwepo kwa wingi ule ule lakini bila kufanya kazi. Sod2 nayo, manganizi ikipungua ndani ya mitokondria au usafirishaji wake ukivurugika, inaweza kupachikwa chuma badala yake, na hapo inakufa. Anayepima tu wingi wa protini, bila kupima kazi yake, hudanganyika katika hali zote mbili.

Manganizi ina jingine. Ayoni zake zenyewe, hata zikiwa nje ya kimeng'enya, zinaweza kupunguza supaoksidi. Hamira isiyo na Sod1 lakini inayolimbikiza manganizi kwa wingi hurudia kukua hewani karibu kama kawaida.

Peroksidi: nani hasa anaiondoa

Hapa ndipo katalasi inapostahili kuwekwa mahali pake. Hamira ina mbili: Ctt1 ya sitoplazimu na Cta1 ya peroksisomu (vijichumba vya seli vinavyovunja mafuta) na mitokondria. Zote zina hemu, kishikio chenye chuma kama kile cha damu, na zote zina kasi kubwa mno: molekuli moja inaweza kuvunja mamilioni ya molekuli za peroksidi kwa sekunde. Lakini kasi hiyo inapatikana tu peroksidi ikiwa nyingi, kwenye kiwango cha milimola. Ndani ya seli yenye afya peroksidi iko chini mno ya hapo, na katika kiwango hicho katalasi haifui dafu.

Wanaoikamata peroksidi kidogo ni peroksiredoksini. Hamira inazo tano, na kubwa kuliko zote ni Tsa1, ambayo ni miongoni mwa protini zenye wingi mkubwa kabisa katika seli, nakala laki kadhaa kwa kila seli. Sehemu yake ya kazi ni asidi amino sisteini, yenye salfa. Peroksidi ikiigonga, salfa hiyo hubeba oksijeni. Kisha hujifunga na salfa ya sisteini nyingine kwenye Tsa1 iliyoungana nayo, na maji hutoka. Sasa Tsa1 imefungwa na haiwezi kukamata tena mpaka ifunguliwe. Anayeifungua ni protini ndogo iitwayo thioredoksini, ambayo nayo hubaki imefungwa, ikafunguliwa na kimeng'enya Trr1 kwa kutumia elektroni za NADPH, molekuli inayobeba elektroni ndani ya seli.

Mzunguko huu ni wa polepole ukilinganisha na katalasi, ila unakamata peroksidi hata ikiwa kwenye mikromola. Seli isiyo na Tsa1 hujikusanyia makosa kwenye DNA hata bila kutiwa peroksidi yoyote. Kufuta katalasi zote mbili hakuleti athari hiyo kwa seli zinazokua. Athari yake huonekana peroksidi ikimwagwa kwa wingi kutoka nje, au seli zikiwa zimeacha kugawanyika.

Peroksidi ikizidi, salfa ya Tsa1 hubeba oksijeni ya pili kabla haijapata nafasi ya kujifunga, na thioredoksini haiwezi kuirudisha. Zamani ilidhaniwa kuwa hali hiyo haina marejeo. Mwaka 2003 watafiti nchini Ufaransa walipata ndani ya hamira kimeng'enya kinachoirudisha, sulfiredoksini, kifupi chake Srx1, kinachotumia ATP, molekuli ya nishati ya seli. Wakati Tsa1 iko katika hali hiyo ya kuzidiwa, haikai bure: hujikusanya katika mafungu makubwa na kuzuia protini nyingine zilizokunjuka zisigandamane.

Sambamba na mfumo wa thioredoksini upo wa glutathioni, molekuli ndogo ya asidi amino tatu, inayokuwepo ndani ya hamira kwa kiasi cha milimola 1 hadi 10. Hutengenezwa na Gsh1 na Gsh2, hutumiwa na glutaredoksini na vimeng'enya vingine, na hurudishwa na Glr1. Elektroni za Glr1 zinatoka wapi? NADPH tena.

Malighafi ambayo kila kitu kinaitegemea

NADPH ndiyo chanzo cha elektroni zote hizo. Katika hamira, sehemu kubwa yake hutoka kwenye njia ya pentosi fosfeti, inayoanza na kimeng'enya Zwf1: kila glukosi-6-fosfeti inayopita hapo hutoa NADPH mbili. Seli isiyo na Zwf1 huwa dhaifu sana mbele ya peroksidi ijapokuwa Tsa1, thioredoksini na Glr1 zote zimo. Pia hudai methionini, kwa sababu kuigeuza salfeti kuwa salfa ya methionini kunahitaji NADPH nyingi. Hiyo inatoa mwanga juu ya methionini iliyokosekana kwenye seli zisizo na Sod1: akiba yao ya NADPH imeelemewa.

Namna seli inavyoongeza NADPH kwa dharura inastahili kuelezwa taratibu. Kimeng'enya kimoja cha njia ya kawaida ya kuvunja glukosi, kinachotokana na jeni TDH3, kina sisteini inayozimwa na peroksidi ndani ya sekunde. Kikizimwa, sukari haiwezi kuendelea mbele, inarundikana nyuma, na kumwagikia njia ya pentosi fosfeti. NADPH inapanda bila jeni hata moja kuwashwa. Mtu anaweza kudhani kuzimwa kwa kimeng'enya hicho ni uharibifu tu, kumbe ndiyo hatua ya kwanza ya ulinzi, inayotangulia nyingine zote kwa dakika kadhaa.

Hatua ya pili inawasha jeni. Protini Yap1 huingia na kutoka kwenye kiini muda wote, na katika hali ya amani hutolewa nje haraka na msafirishaji Crm1. Peroksidi ikipanda, kimeng'enya Gpx3 ndicho kinachoihisi, kwa sisteini yake ya nafasi ya 36. Hujifunga na Yap1, kisha hupisha kifundo kihamie ndani ya Yap1 yenyewe, kati ya sisteini ya 303 na ya 598. Umbo la Yap1 hubadilika, Crm1 haiitambui tena, na Yap1 hulimbikizana ndani ya kiini ndani ya dakika chache, ikiwasha TRX2, TRR1, TSA1, GSH1, GLR1, SRX1 na nyingine nyingi. Thioredoksini iliyotengenezwa ndiyo inayokuja kufungua kifundo cha Yap1 na kuizima. Mfumo huu ulielezwa mwaka 2002. Kuna tahadhari kwa wanaofanya utafiti: aina ya maabara iitwayo W303 ina kasoro kwenye protini msaidizi Ybp1, na humo kazi ya kuihisi peroksidi hufanywa na Tsa1 badala ya Gpx3. Matokeo ya aina moja yasihamishiwe nyingine bila kujaribiwa.

Katalasi Ctt1 ina mlolongo mwingine wa amri, protini Msn2 na Msn4 zinazowasha jeni, na hizo zimefungiwa nje ya kiini kila sukari inapokuwa tele. Ndiyo sababu ya seli inayochachua glukosi kuwa na katalasi kidogo. Glukosi ikiisha na seli ikageukia ethanoli, Ctt1 na Sod2 hupanda kwa pamoja. Joto la kadiri, chumvi au njaa huziachia pia Msn2 na Msn4. Hamira iliyozoeshwa chumvi kwanza huhimili peroksidi baadaye, na kwa kuwa Ctt1 hudumu muda mrefu bila kuvunjwa, uhimilivu huo hurithiwa na seli za binti hadi vizazi vinne au vitano baada ya chumvi kuondolewa.

Kiwandani na kwenye unga

Hamira kavu hukuzwa kwa molasi inayotiwa kidogo kidogo huku hewa nyingi ikipulizwa. Sukari ikitiwa kwa mkupuo, seli huacha kupumua na badala yake huchachua, mavuno hupungua, na seli zinazopatikana zina katalasi na Sod2 haba. Mwishoni mwa ukuzaji chakula, hasa nitrojeni, hupunguzwa makusudi ili seli zijijazie trehalosi, sukari inayolinda tando na protini wakati maji yanapotoka. Kisha hukaushwa kwa hewa ya uvuguvugu mpaka unyevu ubaki kama asilimia 4 hadi 8, kulingana na aina. Kukauka huvuruga mitokondria na kuzidisha supaoksidi, wakati ule ule ambao vimeng'enya vinakosa maji ya kufanyia kazi. Pakiti hufungwa bila hewa kwa sababu hiyo. Ukishaifungua, oksijeni na unyevu huanza kuoksidisha mafuta ya tando, nazo seli haziwezi kujirekebisha zikiwa kavu. Funga vizuri, weka kwenye friji.

Hamira ya chenga, ile inayotakiwa kuloweshwa kwanza, huhitaji maji ya nyuzi 35 hadi 40 za Selsiasi. Maji ya baridi huufanya utando uvuje kabla haujajipanga upya, na miongoni mwa vinavyovuja ni glutathioni. Ikishatoka, hukata vifundo vya salfa vya gluteni, protini inayoushikilia unga. Matokeo ni unga unaolegea, unaonata na kutanuka badala ya kusimama. Hamira ya zamani yenye seli nyingi zilizokufa hufanya vivyo hivyo, na kuizidisha ili kufidia nguvu iliyopungua kunaongeza glutathioni zaidi. Bora kutumia mpya.

Kupima mwenyewe maabarani

Jaribio linaloonyesha mfumo huu vizuri kuliko povu ni la kuzoesha. Andaa lishe ya YPD: kwa lita moja, gramu 10 za dondoo ya hamira, 20 za peptoni na 20 za glukosi. Kuza seli kwenye nyuzi 30 huku chupa ikitikiswa, hadi ukungu wa seli, ukipimwa kwa mwanga wa nanomita 600, usome 0.5. Gawa chupa mbili. Moja itie peroksidi ya milimola 0.2 kwa dakika 60, nyingine usiitie. Kisha zote mbili zipe milimola 2 kwa saa moja, zimua kwa hatua mfululizo za moja kwa kumi, panda kwenye sahani na hesabu makoloni baada ya siku mbili. Zilizozoeshwa hubaki hai kwa wingi zaidi sana.

Peroksidi ya chupa ya maabara ya asilimia 30 kwa uzito ni karibu mola 9.8, lakini hupungua kadiri inavyokaa, hivyo pima kiwango chake kwenye nanomita 240 kabla ya kuitumia, ukitumia kigezo cha 43.6 kwa mola kwa sentimita. Yaliyomo kwenye lishe nayo hula peroksidi. Kosa linalopotosha zaidi ni msongamano wa seli. Seli nyingi huisafisha peroksidi kwa pamoja, na zile zilizofika 5 badala ya 0.5 zitaonekana "sugu" ilhali kila moja imepata dozi ndogo tu. Zaidi ya hapo zimekwisha kumaliza glukosi na kuwasha Ctt1. Linganisha seli za msongamano mmoja na hatua moja ya ukuaji.

Kwa kupima Sod kwenye dondoo ya seli, pasua seli kwa shanga za kioo za nusu milimita, chupa ikiwa kwenye barafu, kwa vipindi vifupi ili isipate joto. Sayanidi huizima Sod1 na kuiacha Sod2, hivyo vipimo viwili, bila sayanidi na nayo, hutenganisha kazi za kila moja. Fanyia kazi hiyo ndani ya kabati la kuvuta hewa, na kamwe usiichanganye sayanidi na asidi.